Mayai, Springi na Utepe wa Cherehani

Shemeji yangu anafuga kuku wa mayai, na mume wangu ana mapenzi na springi. Mapenzi hayo ameyarithi. Marehemu baba mkwe alikuwa fundi magari, na sebuleni kwetu Goba, juu ya kabati la vyombo, bado inaning'inia picha aliyoikata gazetini: Joginder Singh na ndugu yake Jaswant, na ile Volvo PV544 waliyoshindia mashindano ya Safari mwaka 1965. Mashindano yale yalianza 1953, na zama hizo yalipita Kenya, Uganda na kwetu Tanzania, tope kwa vumbi. Joginder alishinda tena 1974 na 1976. Baba mkwe aliwalea wanawe kwa hadithi hizo, akiwaambia kwamba injini hukimbiza gari lakini shokapu ndizo zinazolirudisha nyumbani. Wanawe ni wawili. Mmoja akawa mtu wa kupima, mwingine mtu wa kujaribu. Mimi fundi cherehani ndiye ninayekaa nao nyumba moja, pamoja na mama yao.

Mayai husafiri kwa pikipiki, Boxer ya sisi 150, trei 10 kwa safari moja, yaani mayai 300 yamefungwa kwa mipira kwenye keria. Njia ni ya vilima. Kuna kipande cha lami chenye matuta na rasta, halafu udongo ambao kila masika hukatika mifereji mipya. Shokapu za mbele zilikuwa zimechoka: ukishika breki pua inazama, ukiachia inapaa, inazama tena, na kila ikizama trei zinasogea. Springi zilikuwa nzima. Kilichokwisha ni mafuta. Springi hubeba mzigo na kuurudisha juu. Kinachoizuia isirudishe kwa fujo ni mafuta yanayolazimishwa kupenya vitundu vidogo ndani ya bomba la shokapu. Mafuta yakichakaa springi inabaki peke yake, na springi iliyo peke yake haijui kunyamaza.

Shemeji aliona jambo moja: inazama, basi ni laini, basi ifanywe ngumu.

Jioni moja ya mvua, mume wangu hajarudi kazini, shemeji aliingiza shokapu zote mbili sebuleni ili afanyie kazi penye taa. Mama mkwe alikuwa chini, kwenye mkeka wa ukindu aliokuja nao kutoka Tanga, anachambua mchele. Kizibo cha juu cha shokapu hukalia springi iliyobanwa, kwa hiyo hufunguliwa taratibu, kiganja kikikikandamiza mpaka uzi wa mwisho. Shemeji alishika spana kwa mkono wa kulia na shokapu kwa wa kushoto. Mkono wa kukandamiza haukuwepo. Kizibo kikaruka, kikapiga taa, giza likatuangukia, na ndani ya giza tukasikia bomba likilala sakafuni na kitu kikimwagika.

“Mmeua?” mama mkwe akauliza.

“Hapana, Mama. Ni kizibo.”

“Na hiki ulichonimwagia kwenye mchele ni kizibo pia?”

Mchele ulitupwa wote. Mkeka tuliusugua kwa sabuni ya unga, kwa majivu, kwa ndimu. Doa lipo mpaka leo, na uvundo wa mafuta ya shokapu yaliyozeeka ulikaa na sisi mpaka mvua zilipokatika.

Kesho yake shemeji alizijaza shokapu mafuta ya injini namba 40, akipimia kwa jagi langu la unga wa keki, mpaka yakaonekana mdomoni. Shokapu kama zile hutumia mafuta mepesi, SAE 10 hivi. Mafuta mazito hupenya vitundu kwa shida, na shida yenyewe haipandi sawa na kasi: gurudumu likipanda kwa kasi mara mbili, ukinzani unaweza kufika mara nne. Ndiyo maana uani pale, ukiibonyeza pikipiki kwa mikono, ilishuka polepole kwa adabu na shemeji akatabasamu. Kwenye rasta gurudumu linatakiwa kupanda na kushuka upesi upesi. Mafuta yakawa hayapishi, shokapu ikageuka chuma kitupu, na kila pigo likapita moja kwa moja hadi kwenye keria.

Trei ziliondoka alfajiri. Saa nne zilikuwa zimerudi. Zile za chini zilikuwa zimelowa hadi karatasi imelegea, na ute uliotiririka kutoka kwenye keria ulikuwa umekaangika juu ya ekzosi, umeshika rangi ya kahawia pembeni. Mume wangu aliukwangua kwa bisibisi bila kusema neno. Tulikula mayai ya kukaanga asubuhi, mchuzi wa mayai mchana, chapati za mayai usiku, na majirani wa pande zote mbili walikula pia.

Hilo lilikuwa la mayai. Lililofuata lilinigusa mwenyewe. Ndani ya shokapu lazima ibaki nafasi ya hewa juu ya mafuta. Shokapu inapobanwa, hewa ile nayo hubanwa, ikasaidia kubeba. Ukijaza mpaka mdomoni, hewa inakosa pa kukaa, presha inapanda, na cha kwanza kushindwa ni sili. Mwanangu wa pili alirudi shule na baba yake mdogo, amepakatwa mbele kwenye tangi, soksi zake nyeupe zimetapakaa mafuta. Niliinama kutazama. Yalikuwa yametambaa mguu mzima wa shokapu hadi ubavuni mwa tairi la mbele. Tairi lililopakwa mafuta halikupi nafasi ya pili kwenye kona ya lami, na nyuma ya pikipiki njia ile huwa kuna lori la mchanga.

Niliutia ufunguo kwenye droo ya cherehani.

“Shemeji, naomba ufunguo. Wateja wananipigia.”

“Utatoka kaka yako akikagua, shemeji. Si kabla.”

Ikabaki gari letu, Corolla. Nayo ilikuwa na yake. Fundi wa gereji bubu alikuwa ameinyanyua mbele na nyuma kwa vipande vya raba, ili isikwaruze tumbo kwenye mawe ya kwetu. Raba hazigusi ugumu wa springi wala nguvu ya shokapu; zinasukuma bodi juu tu. Kitovu cha uzito kinapanda, upana kati ya magurudumu ni uleule, kwa hiyo kwenye kona gari linaegemea nje zaidi. Mikono ya chini inakaa kwa pembe ambayo haikupangiwa, magurudumu yanaanza kutazama kwingine na tairi linalika upande mmoja. Maungio ya ekseli za mbele nayo yanazunguka yamepinda, mwishowe mpira unaofunika grisi unachanika. Shokapu zenyewe zilikuwa zimekwisha kitambo. Shemeji alipakia trei kwenye buti, tukaingia wote, tukaelekea Bagamoyo kuwaona ndugu na kuuza huko huko. Watoto wawili walitapika kabla hatujafika. Trei zililala upande wa kushoto, zikahamia wa kulia. Mama mkwe, ambaye ujanani alivuka kwenda Pemba kwa jahazi, alisema jahazi lilikuwa na heshima kuliko gari hili.

Usiku ule ndugu wawili walisimama chini ya picha.

“Kaka, magari ya Safari yote yalinyanyuliwa,” shemeji akasema, akimwonyesha Joginder kwa kidole.

“Yalinyanyuliwa yakapewa springi na shokapu za urefu huo. Wewe umeliwekea raba. Baba alikuwa akinyanyua kitu kabla ya kukipima?”

Shemeji hakujibu. Asubuhi Corolla ilikuwa juu ya mawe, raba zimetolewa, inangoja shokapu nne na pesa za kuzinunua. Pikipiki ilikuwa juu ya stendi kubwa, haina miguu ya mbele. Kuku hawakusubiri. Walitaga kama jana na juzi, na trei zikapanda sebuleni, zikajaza korido, zikaingia mpaka chini ya meza yangu ya cherehani, nikawa nashona nimekunja magoti.

Kupima ndiko kulikotutoa. Mume wangu aliosha mabomba kwa petroli, akaweka sili mpya na mafuta namba 10. Springi zikiwa nje na shokapu imebonyezwa hadi mwisho, alishusha rula yangu ya chuma mdomoni mpaka iguse mafuta, akaongeza kidogo kidogo kwa bomba la sindano hadi kulia na kushoto kukawa sawa kabisa. Nilimshikia tochi. Sijawahi kumwona mtu akimwaga tone kwa uangalifu vile, na nilimpenda upya.

Nyuma kulihitaji watu. Springi ya nyuma haiwezi kupangwa bila kujua nani anakaa, na mume wangu alitaka kilo za kila mtu na kila mzigo. Aliazima mizani ya dukani. Watoto walipanda, shemeji akapanda, trei zikapanda. Mama mkwe, ambaye kila mwezi hupakiwa kwenda kliniki ya presha, aligoma.

“Mimi si gunia la mpunga.”

“Mama, ni kwa ajili ya springi.”

“Springi imenikuta na uzito wangu. Itanizoea.”

Nilileta utepe wa cherehani. Nilichomweleza ni hiki: kilo zako hatuzihitaji, Mama, tunahitaji kuona pikipiki inashuka kiasi gani ukikaa. Unapima kutoka kitovu cha gurudumu la nyuma hadi alama kwenye mkia wakati gurudumu linaning'inia hewani. Unapima tena mtu amekaa na dereva wake. Tofauti ndiyo jibu, na kwa pikipiki kama ile huwa tunataka karibu theluthi ya mwendo wote wa gurudumu. Ikishuka sana, inagonga mwisho kwenye kila shimo. Isiposhuka, gurudumu halina pa kuteremkia bonde likitokea, linaruka hewani na kuachia barabara. Pete ya chini ya shokapu ya nyuma ina hatua za kurekebisha. Vijiweni watakwambia kuizungusha kunaifanya springi ngumu. Springi inabaki ileile. Kinachobadilika ni kimo ambacho pikipiki inasimama ukiwa juu yake.

Mama mkwe alikaa upande, miguu pamoja, mkono begani kwa mwanawe mdogo, khanga imebanwa vizuri. Nilipiga magoti nikasoma utepe.

Jambo hili linanikera kila nikitoka barabarani. Pikipiki ngapi zimefungiwa springi nene kwa ajili ya magunia ya mkaa, kisha jioni zinapakia mama mjamzito? Gari ngapi zimesukumwa juu ili zipite kwenye mawe, na hakuna aliyewaketisha watoto kiti cha nyuma akatazama bodi inalalaje? Mtu atatoa pesa nyingi kununua shokapu zenye rangi ya kupendeza, na hajawahi kumwambia mkewe, njoo ukae hapa nipime. Kwangu hilo ndilo pengo kubwa la ufundi wetu, na kulijaza kunataka utepe wa bei ya soda.

Sasa ukutani mwa banda la kuku kuna jedwali la chaki. Shemeji na trei 10, hatua ya nne. Shemeji na mtoto, hatua ya pili, na mtoto anakaa nyuma, hilo sikulijadili na mtu. Shemeji na Mama, hatua ya tatu; safu ya kilo iko wazi, ya milimita imeandikwa 31. Spana ya kuzungushia pete inaning'inia kwenye msumari pembeni, na shemeji mwenyewe ndiye anayeizungusha kabla ya kila safari, akimtazama anayepanda kwanza.

Corolla imepata shokapu mbili za mbele. Za nyuma zinangoja mauzo. Mauzo yamempa shemeji wazo la kuongeza keria ya pembeni, abebe trei 15. Mume wangu amemjibu kwamba anaweza kuchomelea keria hata leo, ila pikipiki haitoki uani mpaka trei zote 15 ziwe juu yake na shemeji yake awe amepita na utepe.