Bwawa la Nzuguni: Maji Yarushwe Juu au Hewa Ipelekwe Chini?

Ugomvi wa bwawa nyumbani kwetu Nzuguni, Dodoma, ulianzia kwenye kitu cha kupendeza. Baba Neema alirudi kutoka Dar es Salaam na pampu ya kurusha maji, ile inayoelea katikati ya bwawa na kumwaga maji kama mwavuli. Sato wetu walikuwa wakija juu alfajiri midomo wazi, na muuzaji alimhakikishia kwamba maji yakirushwa hurudi yamebeba hewa. Alisema kweli. Tone likipita hewani hunasa oksijeni.

Ila Dodoma ina masharti yake. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyoshika oksijeni kidogo: maji ya nyuzi 25, ambayo kule pwani yanaweza kushika miligramu 8 kwa lita, hapa hushika kama 7 tu. Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Baada ya hapo ni jua na upepo. Mwezi wa Agosti upepo uliuchukua ule mwavuli ukaubandika kwenye ukuta wa jirani. Maji yakashuka, nailoni ya bwawa ikabaki na mstari mweupe wa chumvi, nasi tukaanza kuita boza. Mama mkwe ni mtu wa Hombolo, ameliona bwawa la kule tangu lijengwe mwaka 1957, na uzito wa ndoo anaujua. "Mwanangu, maji ya kununua hayatupwi juu," alisema, akainuka barazani na kuingia ndani. Siku hiyo chakula kililiwa kimyakimya.

Jambo lililoniuma zaidi ni saa. Pampu iliwashwa jioni wageni walipokuwepo, usiku ikazimwa ili kuokoa luku. Kumbe usiku ndio wakati wake! Ule ukijani wa majini hutoa oksijeni mchana kwa nguvu ya jua. Giza likiingia, nao huivuta pamoja na samaki na vijidudu vya tope. Kufikia saa kumi na moja alfajiri akiba imekaribia kwisha.

Shemeji yangu akaja na shauri la pili: pampu ya hewa iwekwe nchi kavu, mpira ushuke hadi chini, na mwisho wake ufungwe jiwe lenye vitundu. Viputo vikipanda huyavuta maji ya chini hadi juu, na hukohuko juu ndiko maji yanakochukua sehemu kubwa ya oksijeni. Hakuna maji yanayorushwa, basi upepo hauna cha kuiba. Kwa bwawa letu la kina cha mita mbili na zaidi, shauri hilo lilikuwa sahihi kabisa.

Neema, aliye kidato cha tatu, aliomba kwanza tuyaone maji ya chini. Alitia jiwe ndani ya chupa, akaifunga kamba, akafunga kamba nyingine kwenye kizibo, akaishusha hadi kwenye tope na kuking'oa kizibo hukohuko. Kilichopanda kilikuwa maji ya baridi, meusi kidogo, yanayonuka mayai viza. Maji ya juu yalikuwa vuguvugu na ya kijani. Ni kama mabwawa mawili katika shimo moja, na la chini halikuwa na hewa. Mabaki ya pumba na kinyesi cha samaki yalikuwa yameoza humo kwa miezi.

Wanaume walitazama, wakasema hewa itayasafisha. Wakaiwasha pampu ya hewa jioni, kwa nguvu zote, tukalala. Alfajiri ua mzima ulinuka, na sato walikuwa wameelea ubavu kuanzia ukingo hadi ukingo. Maji ya chini yalipanda kwa mkupuo pamoja na gesi yake ya sumu, yakaimaliza oksijeni kidogo iliyokuwa juu, tena usiku, saa ambayo ukijani haukuwa na la kusaidia. Baba Neema aliwaokota kwa karai bila kusema neno. Shemeji alishika koleo, akachimba shimo nyuma ya migomba.

Pampu yenyewe haikuwa na kosa. Tulipopanda vifaranga vipya tulitoa tope kwanza, tukawasha mchana, dakika chache siku ya kwanza, kisha tukaongeza kidogo kidogo mpaka ikakesha. Tuliiweka juu zaidi ya usawa wa maji, ili umeme ukikatika maji yasirudi kwenye mpira na kuiharibu. Vifaranga tuliwapunguza pia, kwa sababu umeme ukikatika usiku, idadi ndogo ndiyo inayofika asubuhi.

Kama bwawa lako ni la kina cha mita moja hivi, chagua pampu ya kurusha maji: viputo havipati safari ndefu ya kuyavuta maji. Iwashe usiku, upepo ukitulia, tena irushe chini chini. Likizidi mita moja na nusu, hasa huku kwetu kwenye upepo na maji ya boza, peleka hewa chini. Na lolote utakalochagua, shusha chupa kwanza. Ikipanda na harufu, toa tope kabla hujagusa swichi.