Bati, Bahasha na Mama Mkwe

Mchwa wa Mpanda hawana haraka. Wanaingia kwenye nguzo kutokea chini, wanakula moyo wa mbao na kuliacha ganda la nje zima, rangi palepale, na mwenye nyumba anaendelea kutundika koti lake hapo kila jioni. Nyumba yetu ya Makanyagio tuliinunua ikiwa imeshaezekwa, kwa hiyo kenchi zake hatukuzichagua sisi. Mume wangu alipanda darini na tochi kabla ya safari, akashuka akiwa kimya, kisha akasema akirudi hiyo ndiyo itakuwa kazi ya kwanza.

Safari yenyewe ilikuwa ya Beni, Kivu Kaskazini, pamoja na wanajeshi wa JWTZ walio kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa kwa Azimio 2098 la Machi 2013, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Ukiwa kwetu Katavi, Kongo ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika tu, lakini Beni iko juu kabisa, inakaribia Uganda, na saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Akisema atapiga saa mbili usiku, watoto walikuwa wanaanza kubishana ni saa mbili ya kwake au ya kwetu, na mara nyingi tulilala kabla mtandao haujawapatanisha.

Watu hudhani tabu ya mke wa askari aliyeko misheni ni upweke. Upweke upo, siukatai, ila kinachochosha ni maamuzi. Mtoto abadilishe shule au asibadilishe? Mdogo wake shemeji apewe ada yote au nusu? Kiwanja cha jirani kinauzwa, tuingie au tukae? Mambo ambayo wawili huyamaliza juu ya kikombe cha chai, wewe unayabeba wiki nzima ukisubiri simu, na simu ikija ina dakika chache ambazo watoto wanazigombania. Halafu mtaa mzima unaamini una dola ndani. Fundi wa kwanza niliyemwita aangalie paa alinitajia bei, akasikia baba yuko Kongo na UN, akapanda ngazi, na aliposhuka bei ilikuwa imepanda naye.

Mwisho wa Novemba akaja mama mkwe kwa treni kutoka Kaliua. Reli ile waliijenga Waingereza kufuata madini ya risasi ya Mukwamba, kilomita 210 za msitu wa miombo, na hadi sasa inatuunganisha na ndugu wa Tabora. Alishuka na michembe, dumu la asali na kuku wawili waliofungwa miguu. Kabla hajanywa maji alichukua mchi wa kinu, akagonga nguzo ya barazani, akasikiliza, akagonga tena juu kidogo. "Mwanangu," akaniambia, "hapa hamna mti. Hapa mmeegemea rangi."

Siku zilizofuata tulipaka oili chafu kwenye kila mbao tuliyoifikia. Mvua za kwanza zilipowatoa kumbikumbi, mama aliwakusanya beseni zima, akawakaanga kwa chumvi, watoto wakala wakifurahi kweli, na yeye akasema angalau na sisi tumewala kidogo.

Upepo ulikuja jioni ya Alhamisi, tarehe 7 Desemba 2017. Ulianza kabla ya mvua, kama kawaida yake huku. Nilisikia misumari inatoka, sauti ya kukwaruza, mmoja baada ya mwingine, halafu chumba cha watoto kikawa na mbingu. Bati tatu ziliondoka na papi zake. Moja tuliikuta kwenye mpapai wa jirani. Umeme wa majenereta ulikuwa umekatika, tukafanya kazi kwa mwanga wa simu: watoto sebuleni, magunia ya mpunga juu ya meza, godoro limesimamishwa ukutani. Maji yalipita juu ya silingi bodi yakaingia chumbani kwetu, na yaliposhukia ni juu ya kabati.

Ndani ya kabati kulikuwa na bahasha ya kaki. Kila nyumba ya askari aliyeko nje inayo. Mume wangu alinionyesha ilipo usiku wa kuamkia safari, hakuifungua mbele yangu, na mimi sikuigusa tena. Sasa ilikuwa imelowa upande mmoja. Nikaifungua, nikatandaza karatasi moja moja kitandani: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya nyumba, na karatasi aliyoandika kwa mkono wake nani apewe nini endapo. Wino wa jina langu ulikuwa umeanza kusambaa. Mama mkwe alikuja na taulo, akazikausha kwa kuzibonyeza, bila kusugua, na alipofika kwenye ile ya mwandiko wa mwanawe akaibonyeza kwa muda mrefu kuliko nyingine.

Jioni ileile, kambi ya askari wetu kwenye Mto Semuliki, katika eneo la Beni, ilikuwa inashambuliwa.

Tulijua Ijumaa. Redio ilisema askari wa Tanzania wameuawa Kongo, kumi na wanne. Baadaye idadi ikafika 15, na zaidi ya arobaini walijeruhiwa. Waasi wa ADF ndio waliotuhumiwa, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, akasema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni. Majina hayakuwa yametajwa. Nilipiga, simu haikupatikana. Nikapiga tena.

Hapo ndipo nyumba ilipoanza kujaa. Wanawake walikuja wamejifunga kanga viunoni, wakakaa barazani kwenye mkeka, mikono mashavuni, kama kwenye msiba. Wengine walikuwa na simu mkononi wakisoma kila kilichotumwa. Sikuwa na nguvu ya kuwaambia lolote. Mama mkwe alitoka, akasimama mlangoni.

"Hapa hakuna matanga," akasema. "Mwanangu sijaambiwa amekufa. Kilichokufa ni paa. Anayetaka kukaa nasi ashike bati."

Wakainuka. Fundi wa pili, kijana aliyezaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi wa Burundi wa 1972, alikuja na nyundo yake na hakuuliza habari yoyote. Alizivunja kenchi zilizooza kwa mkono, akanipa kipande nione. Kilikuwa chepesi, ndani vumbi tupu. Niliuza magunia mawili ya mpunga wa Mwamkulu, Desemba bei ni nzuri, nikanunua mbao mpya. Wanaume wa mtaa walizipandisha, wanawake walichota maji na kupika ugali na migebuka ya Karema. Jumamosi, Siku ya Uhuru, nyundo zilikuwa bado zinalia.

Simu iliita Jumapili usiku. Yeye hakuwa Semuliki, alikuwa kambi nyingine. Alitaja wawili aliokuwa anawafahamu, akanyamaza. Nilimwambia paa liliruka. Akauliza bati ni geji ngapi. Nikamwambia 28. Akauliza misumari, akauliza papi zimepishana kiasi gani, akauliza kama fundi amepaka dawa ya mchwa kwenye ncha za mbao. Nilimjibu yote, taratibu, maana nilimsikia anavyoshikilia yale maswali ili sauti yake isikatike. Kisha mama yake akachukua simu.

Wiki iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza kuaga miili pale Upanga, Dar es Salaam. Tulitazama kwenye televisheni ya jirani. Kila jeneza lile lilikuwa na nyumba yake mahali fulani nchini, yenye bahasha yake, na mwanamke aliyepaswa kuifungua si kwa sababu ya mvua.

Askari wetu bado wanapelekwa nje, na wanaobaki wako mitaani kwako. Siku habari mbaya ikitoka huko waliko, usiende kwa mke wa askari na simu ya kumsomea wala uso wa kilio kabla jina halijatajwa. Angalia kuni zake, maji yake, paa lake. Mwulize kuna kazi gani, kisha uifanye.