Msomaji wa Jalada

Shemeji yangu kaisoma Vuta N'kuvute. Hutuambia hivyo kila tukikaa barazani, wala hakuna anayemuuliza imeishaje, maana kahawa ni yake. Juzi niliiazima nakala yake. Riwaya hiyo ya Shafi Adam Shafi ilitoka 1999. Hii ya shemeji bado inanukia duka. Kurasa za mwanzo zina alama za vidole vya samli, ukurasa wa 31 umechomekwa tiketi ya boti, na kuanzia hapo ni safi kama sanda.

Filamu yake, ile ya Amil Shivji ya 2021, hiyo kweli kaitazama. Yasmin anamjua, Denge na siasa zake anazijua. Ila aliitazama simu mkononi, akiliarifu kundi la familia kwamba anatazama filamu.

Nami nisijifanye malaika. Peponi ya Gurnah niliinunua ilipotoka kwa Kiswahili, 2022, Nobeli yake ikiwa bado ya moto. Nimeiweka sebuleni, mgeni akiketi tu anaiona. Shemeji akija huitazama, kisha hunitazama mimi. Namuuliza kama aongezewe sukari.