Mgongo Wangu na Mabingwa wa Mafuta

Hapa Nyamirambo usithubutu kutamka mbele za watu kwamba mgongo unakuuma. Sema umefilisika, watakunyamazia kwa adabu. Sema mke kakukimbia, watakupa pole na kushika njia zao. Ila ukitaja mgongo tu, kila mwenye mdomo anageuka tabibu, na siku hizi matabibu wote wana dawa moja: mafuta. Ya kupaka, ya kunywa kijiko, ya kukaangia vitunguu na hayohayo ya kuchulia kiuno. Na ole wako uyanunue dukani! Sharti uyapike mwenyewe, kwako, kwa majani.

Mgongo wenyewe hauna makuu. Shida yake ni kuishi Kigali, mji ambao ukitaka kwenda kwa jirani unapanda, na ukitaka kurudi unapanda tena, sijui kule kuteremka huwa kunafanyika saa ngapi. Ukichoka kupanda, unachukua moto, yaani pikipiki ya abiria, na kijana wa moto akiona tuta anaongeza mwendo ili liishe haraka. Mgongo wa mtu wa umri wangu ukilalamika katika mazingira hayo unadai haki yake tu.

Bingwa wa kwanza kunivamia alikuwa shemeji yangu wa Canada. Huyu hatumi pesa, anatuma sauti. "Shemeji, unateseka bure! Huku tunapika mafuta ya bangi nyumbani. Goti likiuma unapaka, wageni wakija unawapikia keki." Ni kweli kwao ni halali tangu tarehe 17 Oktoba 2018, na sheria ya shirikisho inawaruhusu watu wazima kupanda hadi miche minne kwa nyumba, ingawa baadhi ya majimbo yalikataa. Shemeji anayo yake minne. Anaisimulia kwa fahari ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa wanawe: huyu kanenepa, huyu kachelewa kutoa maua, huyu anataka mwanga zaidi.

Akanieleza pia, bila kuulizwa, kwamba dawa iliyomo haishikani na maji, inashikana na mafuta, ndiyo maana wanaipika na siagi. Na kwamba ikiliwa haina haraka, inaweza kuchukua saa moja au mbili kabla ya kubisha hodi. Jirani yake hakuwa na subira hiyo. Alikula kipande cha keki, akaona kimya, akaongeza cha pili, akalaumu mpishi, akaongeza cha tatu. Vyote vitatu vikaingia pamoja. Jioni ile walimkuta amelala sakafuni, kashika zulia kwa mikono miwili ili nyumba isimdondoshe.

"Shemeji," nikamwambia, "unaongea na mtu wa Kigali."

Maana huku, ndugu zangu, urumogi, yaani bangi hiyohiyo, una sheria isiyojua utani. Kwa sheria ya makosa na adhabu ya 2018, anayetumia tu anaweza kupata mwaka mmoja hadi miwili, au kazi za jamii. Lakini anayetengeneza, anayehifadhi au anayempa mwenzake, na sufuria ya shemeji inafanya yote matatu kabla ya chakula cha mchana, anakabiliwa na kifungo cha maisha pamoja na faini ya faranga milioni 20 hadi 30, kwa kuwa bangi imewekwa kwenye daraja la juu kabisa la dawa za kulevya. Milioni 20! Ningekuwa nazo, ningenunua gari, nisingepanda vilima, na mgongo usingeniuma. Sheria yenyewe imenipa tiba, imebaki mtaji.

Ningekuwa nimeyasahau hayo yote lau mmea huo ungekuwa haramu kwa kila mtu. Kinachonichoma ni kwamba wenyewe una heshima zake, tena kuliko mimi. Tarehe 12 Oktoba 2020 Baraza la Mawaziri lilipitisha mwongozo wa kulima, kusindika na kuuza nje mazao ya tiba yenye thamani kubwa, na mkubwa wa mazao hayo ndiye huyuhuyu urumogi. Juni 2021 Wizara ya Afya ikatoa amri ya kuongoza shughuli hiyo. Zikatengwa hekta 134, na mradi ukaelekezwa Musanze, kule kwenye udongo mweusi wa volkano unaotulisha viazi, unaootesha pareto na kuwahifadhi sokwe wa milimani. Masharti ya shamba ni uzio, kamera, minara ya walinzi na taa za usiku. Mimi usiku nalindwa na kijana wa doria ya irondo mwenye fimbo na tochi, na tochi yenyewe anaizima ili asimalize betri.

Bodi ya Maendeleo ya Rwanda ilipiga hesabu kwamba hekta moja ya zao hilo inaweza kuingiza hadi dola milioni 10, wakati hekta ya maua inaleta dola 300,000. Dola hizo zije, sizikatai. Waziri wa Afya wa wakati ule, Dkt. Daniel Ngamije, akawahi kutuwekea mambo sawa: zao ni la kuuza nje, na mambo ya kulitumia mitaani yanabaki marufuku kama yalivyokuwa. Kwa hiyo mche utazaliwa Musanze, utalelewa chini ya kamera, kisha utapanda ndege ukamtulize mgongo mtu wa ng'ambo asiyejua kama Musanze ni mji au ni ugonjwa. Mimi ninayeweza kufika huko kwa basi nikarudi jioni, nibaki nikijinyoosha ukutani.

Mama Zawadi, mke wangu, hapendi manung'uniko marefu. "Baba Zawadi, tupike majani yasiyo na kesi." Rozimari tunayo, imejaa kwenye ua kama nusu ya nyumba za Kigali. Mchaichai tukaomba kwa jirani. Na umuravumba ukaletwa na mama mkwe kutoka Huye, fungu zima, maana kwa wazee wa nchi hii hakuna kikohozi wala tumbo ambalo umuravumba haujaitwa kulishughulikia.

Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Kumbe majani kwanza yaanikwe kivulini mpaka yakauke kabisa, kwa sababu maji yakiingia kwenye mafuta yanaozesha. Kwa hiyo siku kadhaa meza ya chakula ikawa ya majani, sisi tukala magotini. Kisha bakuli la mafuta ya alizeti likalie juu ya sufuria ya maji ya moto, moto mdogo, saa na saa, bila kukaanga. Mtungi wa gesi nauona unavyopungua, na nikitaka kuchemsha chai naambiwa nisisogee. Halafu kuchuja kwa kitambaa safi, kumimina kwenye chupa ya rangi, kuweka mbali na jua. Mafuta yanatunzwa hivyo, mgonjwa hajaulizwa kama amekula.

Majirani nao hawakukosekana. Mmoja alikuja na kitunguu saumu mkononi: "Tumbukizeni hiki, kinatia nguvu." Hapo nilimsifu Mama Zawadi, alikataa katakata. Saumu mbichi ikizamishwa kwenye mafuta, chupa ikazibwa na kuachwa kabatini, ni makao mazuri ya bakteria wa botulizimu, wanaopenda pasipo hewa na wasiotoa harufu wala kubadili ladha. Mafuta ya saumu ni ya friji, kwa siku chache tu. Jirani akaondoka amenuna, akisema bibi yake aliishi miaka mingi. Kila mwenye ushauri wa hatari mjini hapa ana bibi aliyeishi miaka mingi.

Basi harufu ikapanda. Umuravumba ukipata moto hauombi ruhusa, unaingia nyumba ya tatu kama mwenye kodi. Haikupita muda, mkuu wa isibo yetu akabisha hodi, na isibo ndiyo ngazi ya utawala iliyo karibu nawe kuliko ndugu zako.

"Amahoro, mzee. Kuna watu wamesikia harufu ya majani."

"Ni kweli, mkuu. Ni ya majani."

"Majani gani?"

Nikamleta jikoni. Akainama juu ya bakuli, akanusa, akafumba macho, akanusa tena. Nikaanza kuipigia hesabu ile milioni 20. Akainuka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tunaweza kumwekea kidogo, goti lake limekuwa likimsumbua tangu kazi za umuganda uliopita. Akaondoka na chupa ya kwanza, mimi mgonjwa mwenyewe sijaonja hata tone.

Chupa zilizobaki zikawekwa pamoja: za rozimari kwa jikoni, za umuravumba kwa mwili. Rangi moja, vifuniko vimoja. Zawadi alipojikaangia omleti usiku, nyumba nzima ilinukia dawa ya kifua, naye akaila yote kwa kuwa mayai yamepanda bei.

Na sasa mafuta yapo. Mazuri, yamechujwa, yamekaa gizani. Nikauliza swali ambalo katika mabingwa wote hakuna aliyelitaja: nani atachua? Maana nijuavyo mimi, mafuta kazi yake ni kuuwezesha mkono uteleze bila kukwangua ngozi. Anayefungua misuli ni mkono. Mama Zawadi akasema amesimama jikoni siku nzima kwa ajili yangu, mikono imekufa. Zawadi yuko na simu. Shemeji yuko Canada na wanawe wanne wa kijani. Mkuu wa isibo anachua goti lake.

Aliyebaki ni mmoja, na ndiye fundi wa kweli: mama mkwe. Huko kwao ameshakanda watoto wachanga wa kilima kizima kwa mafuta ya ng'ombe yaliyosukwa kwenye kibuyu cha igisabo, na viungo vyao vimenyooka. Lakini mkwe mtu mzima avue shati mbele ya mama mkwe? Hata yeye aliliona hilo, akahamia upande wa pili wa ukuta na kunitumia ujumbe kupitia kwa binti yake: "Mwambie mkwe ajipake mwenyewe, kwa kuzungusha."

Mgongoni! Nizungushe mkono upi, naufikisha wapi?

Kwa hiyo natangaza kwa wakazi wa Nyamirambo, Biryogo na vitongoji vyake, pamoja na ndugu walioko ughaibuni: maelekezo ya mafuta nimeyapokea, yametosha, asanteni. Mwenye maelekezo mapya asiniandikie wala asinitumie sauti. Aje mwenyewe, na aje amenawa mikono.