Ka!

Pedi zangu za zamani za breki zilizeeka kimyakimya, bila kumsumbua mtu. Mpya ndizo zilizokuja na maneno. Fundi wetu wa uchochoroni huku Tabata alizifunga, nikamlipa, nikarudi rivasi nitoke kwenye uwanja wake, nikakanyaga breki: ka! Nikaweka gia ya mbele, nikakanyaga tena: ka! Fundi akanipungia mkono. "Zitakaa tu, bosi. Mpya hizo."

Hazikukaa.

Dar es Salaam ukiwa na gari linalolia, kila mtu ni fundi. Jirani yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alisema ni sivi jointi. Shemeji alisema shokapu, kisha bushi, kisha akanishauri niliuze kabla halijaharibika zaidi. Kijana wa bodaboda alinigongea kioo kwenye foleni ya Buguruni: "Mzee, boli jointi hiyo!" Wakati huo gari limesimama, halitoi sauti yoyote.

Mlio wa gari hauuliziwi ni wa nini; unauliziwa unatoka lini. Pedi iliyokwisha hupiga filimbi, kile kibati chake cha tahadhari kikiwa kinasugua diski. Ikifika chuma kwa chuma, inakwaruza mpaka meno yanakufa ganzi. Sivi jointi hugonga ka-ka-ka ukikata kona kali huku umekanyaga mafuta. Wa kwangu ulikuwa ka moja tu, kwenye breki ya kwanza baada ya kugeuza mwelekeo. Ukiendelea mbele, kanyaga utakavyo, kimya. Rudi nyuma kidogo, unapewa ka nyingine, mbichi. Jioni nilikuwa nikienda mbele na nyuma pale nje, kioo nimeshusha, kichwa dirishani, mpaka majirani wakamuuliza mke wangu kama nyumbani kuna amani.

Basi pedi inacheza. Ukishika breki, diski huivuta pedi kuelekea linakozunguka gurudumu. Ikipata nafasi, masikio yake yanasogea na kugonga fremu ya kalipa. Ukigeuza, inagonga upande wa pili. Vinavyoizuia ni klipu, vijibati vyembamba vinavyokaa kwenye mifereji ya fremu, pale masikio ya pedi yanapoegemea.

Nikapiga jeki. Bolti za kalipa nilizijaribu kwanza kwa spana, maana hizo zikilegea hakuna cha kuchekesha tena. Zilikuwa zimekaza vizuri. Mifereji ndiyo ilikuwa mitupu, na chuma cha fremu kilikuwa na alama inayong'aa pale palipokuwa pakipigwa. Nikaishika pedi kwa vidole viwili, nikaitikisa. Ka, ikaniitikia.

Fundi hakubisha hata kidogo. Alivuta kopo la maziwa ya unga lililojaa nati yatima, akapekuapekua, akatoa klipu zangu zote, bado zina vumbi jeusi la breki.

"Hizi? Zilikuwa zinabana pedi, bosi. Nikaona nikulegezee."

Akazisugua kwa brashi ya waya, akazirudisha mahali pake, akapaka grisi kidogo kwenye masikio ya pedi. Nilirudi nyuma, nikaenda mbele, nikarudi tena. Kimya. Akafuta mikono kwenye ovaroli na kunitajia bei ya kuzifunga. Ile ya kuzitoa, akanihakikishia, alinifanyia bure.