Namna ya Kuinjika Chungu cha Postidoki

Postidoki, yaani utafiti wa muda baada ya shahada ya uzamivu, ni chungu: tafuta mafiga matatu. Ukiwa mkazi wa kata ya Mafiga, hapa Manispaa ya Morogoro, huhitaji kuelezwa kwa nini mawili hayatoshi. Shahada yako ya uzamivu ni figa la kwanza, na jifya moja haliinjiki chungu.

Figa la pili ni swali. Nenda Mazimbu, Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), palipokuwa na shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, hadi kilipoikabidhi kwa Tanzania mwaka 1992. Siku hizi hapo wanafunzi wanasomea ualimu wa hisabati na sayansi. Waulize wanaorudi kutoka mazoezi ya kufundisha. Watakusimulia habari za mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi yote, kisha kidato cha kwanza akakuta usanisinuru umebadilishwa jina kwa Kiingereza, na yeye kanyamaza. Ni nani amemfuata mtoto huyo miaka miwili mfululizo, akapima kinachopotea njiani? Hiyo ni kazi nzima ya postidoki, nayo iko mlangoni pako.

Figa la tatu ni mwenyeji, profesa atakayekupokea, na hapa ndipo vyungu vingi vinapomwagikia. Tafadhali usitume barua moja kwa maprofesa arobaini. Chagua mmoja, soma makala zake tatu, kisha mwandikie aya tatu: swali lako, ulichokwisha kukusanya, na ombi kwamba mwandike pamoja maombi ya fedha. Mara nyingi fedha hazimfuati mhitimu peke yake. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya uko wazi kwa raia wa nchi yoyote, lakini huombwa pamoja na taasisi itakayokupokea. Na usiruke majirani: Chuo Kikuu cha Rwanda, kule Rukara, kina kituo cha umahiri cha ufundishaji wa hisabati na sayansi. Wa huko huna haja ya kuwaeleza darasa lililofurika likoje.

Kuni ni kibali cha mwajiri. Wengi wetu tunamaliza uzamivu tukiwa tayari tumeajiriwa vyuoni, na ngazi ya vyeo inatoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi. Postidoki haina kipago chake. Mkuu wa idara anaona vipindi vitabaki bila mtu. Mpelekee barua mapema, umwoneshe utakachorudi nacho. Nami nasema vyuo vyetu viihesabu miaka hiyo katika kupandisha watu vyeo, kwa sababu bila hivyo tunawaomba vijana wachague kati ya utafiti na mkate.

Moto washa Jumatatu. Mwombe mwalimu wa hisabati wa sekondari ya jirani akukaribishe dawati la nyuma, vipindi viwili. Ukitoka, andika aya ya kwanza ya barua kabla hujapanda daladala.