Waraka kwa Mnaotutengenezea Programu za Kahawa

Waheshimiwa,

Tunawashukuru kwa kuleta kompyuta kwenye vituo vyetu vya kuoshea kahawa hapa Rusizi, Rwanda. Daftari lililolowa mvua hatulitamani tena. Kwa heshima hiyohiyo niwaambie: programu zenu zinajua kutunza taarifa, hazijui kuzihusisha.

Zina orodha ya wakulima, ya mashamba, ya mizigo inayopokelewa na ya mafungu yanayouzwa. Kila moja nadhifu. Uliza fungu hili limetoka mashamba yapi, jibu hupati. Mmetuachia kisanduku cha "maelezo", kila karani ajazie anavyojua. Kazi yenu mmeihamishia kwetu.

Kwenu, mkulima ana shamba moja na shamba lina mwenye mmoja. Nani aliwaambia? Mama analeta buni mbivu za mashamba mawili, moja lake na jingine la kukodi. Karani analazimika kuchagua moja, na taarifa inaharibika pale pale mizanini.

Taarifa za umiliki zipo tayari: Rwanda imesajili viwanja vya ardhi zaidi ya milioni 10, na kila kiwanja kina namba yake. Za Rusizi huanza na 3/06, yaani Mkoa wa Magharibi, kisha wilaya. Hati ya ardhi ya wanandoa wenye mali ya pamoja hutaja majina yote mawili na sehemu ya kila mmoja. Programu yenu inapokea jina moja, na mara nyingi huandikwa la mume. Haki ambayo sheria ilimpa mwanamke, nyinyi mmeinyima nafasi.

Dawa yake mnaijua. Wakulima wengi wahusishwe na mashamba mengi, mashamba na mizigo, mizigo na mafungu. Uhusiano wenyewe uwe na taarifa zake: tangu lini, kwa sehemu gani, kilo ngapi. Na shamba lenye mizigo lisifutike kwa kubonyeza mara moja.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inadai kahawa inayouzwa huko ijulikane shamba ilikotoka, na ithibitishwe kwamba msitu haukukatwa hapo baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mnyororo wa taarifa kutoka shamba hadi soko ukikatikia kwenye programu, atakayekosa soko ni mkulima, si nyinyi.

Basi kabla ya kuchora toleo jingine, njooni msimu wa mavuno mkae na karani wa mapokezi, muulize kwanza, mchore baadaye.

Wenu katika kazi,
Karani wa mapokezi, Rusizi